Saa Huanza Kuhesabiwa Moto Ukiwashwa: Ushauri kwa Wakulima wa Miwa Wanaopoteza Utamu Shambani

Ndugu wakulima wa miwa wa bonde la Kilombero, kuanzia Ruhembe upande wa Kilosa hadi Sanje na Mkula huku ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu, naandika haya kwa sababu ya jambo moja tu. Kila msimu wa kusaga ukifunguliwa nakuta shamba limechomwa Jumatatu ili kuondoa majani, limekatwa lote Jumanne, na miwa imelala chini ikisubiri gari hadi Ijumaa. Mwenye shamba amesimama pembeni, simu sikioni, anambembeleza dereva. Siku ya malipo anashika karatasi, anaona kiwango cha utamu kimeshuka, na maneno yanaanza: tumepunjwa, mizani imechezewa.

Mizani ina haki ya kukaguliwa. Ukiwa na shaka, dai ukaguzi kupitia AMCOS yako, yaani chama chenu cha ushirika cha mazao, na mimi nitakuunga mkono. Lakini kabla hujafika huko, hesabu kwanza saa zilizopita tangu kiberiti kiwashwe hadi muwa wako ulipochukuliwa sampuli ya kupima utamu kiwandani. Nikiwauliza wakulima, wengi hawajui. Wanajua tarehe ya kupanda, wanajua mifuko ya mbolea, wanajua deni la palizi mpaka shilingi ya mwisho, ila saa hizo hawazijui. Na humo ndimo hela inamopotelea.

Sitagusa mbegu, nafasi ya mistari wala palizi. Hayo mmeyafanya miaka mingi na mnayafanya vizuri. Muwa umetunzwa zaidi ya mwaka mzima, umekula mbolea na jasho, halafu unaharibiwa katika siku tatu za mwisho. Inauma kuliko shamba lililoliwa na nguruwe, maana nguruwe hukumwalika.

Sukari inakaa wapi ndani ya muwa

Lazima nianzie hapa, kwa sababu asiyejua sukari inakaa wapi hawezi kuelewa kwa nini ninapiga kelele kuhusu saa.

Chukua muwa ulioiva, upasue kwa urefu kwa panga kali, uiangalie nyama yake juani. Utaona inametameta kwa unyevu, na katikati yake zinapita nyuzi nyembamba kutoka juu hadi chini. Nyuzi hizo ni mishipa, na ndizo zinazoteremsha sukari iliyotengenezwa na majani. Nyama iliyobaki ni seli, mamilioni kwa mamilioni, na kila seli iliyokomaa ina mfuko wa maji ndani yake. Wataalamu huuita vakuoli. Msidhani ni kijifuko kidogo pembeni. Katika seli iliyokomaa mfuko huo huchukua karibu nafasi yote, hata kufikia asilimia 90, na sehemu nyingine za seli hubaki zimesukumwa ukutani kama utando mwembamba. Ukitafuna muwa, maji matamu yanayokujaa mdomoni yalikuwa yamehifadhiwa humo.

Sukari haiingii kwenye mfuko kwa kudondoka. Kwenye ngozi ya mfuko kuna protini zinazofanya kazi ya pampu. Zinasukuma chembe za asidi kuingia ndani, na msukumo huo ndio unaotumika kuivuta sukari iingie ijapokuwa ndani tayari imejaa kuliko nje. Ndiyo maana maji ya muwa yana uchachu kidogo hata yakiwa mabichi kabisa. Sukari ikishaingia, maji huifuata. Mfuko hujaa, huvimba na kukandamiza ukuta wa seli, na ukuta nao hukaza. Muwa mgumu, mzito, unaolia ukiugonga kwa nyuma ya panga, ni muwa ambao mifuko yake imejaa hivyo. Karibu asilimia 70 ya uzito wake ni maji, na kwa muwa ulioiva vizuri asilimia 12 hadi 16 ni sukari inayohitajika kiwandani, yaani sukrosi.

Yote hayo yanahitaji nguvu, na nguvu inatoka kwa seli iliyo hai. Pampu inafanya kazi kwa kuwa seli inapumua. Ngozi ya mfuko haivuji kwa kuwa seli inaitengeneza kila siku. Seli ikichoka au ikifa, ngozi inalegea, na kilichokuwa ndani kinachanganyika na kilichokuwa nje.

Sasa kuna kimeng'enya kinachoitwa invetasi. Kazi yake ni kuipasua sukrosi iwe sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi. Muwa mchanga unakihitaji sana, kwa kuwa pingili inayokua hutumia sukari hizo ndogo kujijenga. Ndiyo sababu pingili za juu hazina utamu wa maana ingawa zimejaa maji. Pingili ikikomaa, invetasi hupungua, na sukrosi inaanza kujikusanya mfukoni bila kuguswa. Muwa huiva kutoka chini kwenda juu kwa sababu hiyo. Ndiyo sababu pia tunawakataza kuweka mbolea ya naitrojeni muwa ukiwa umeshakuwa mkubwa: mbolea ya kuchelewa huufanya muwa uendelee kujifanya mtoto, invetasi inabaki juu, na utamu haupandi.

Invetasi haiondoki kabisa. Inalala. Muwa ukikatwa, au ukiunguzwa, inaamka.

Kinachotokea muwa ukilala chini

Muwa uliokatwa haujafa siku hiyo. Mizizi haipo tena ya kuleta maji, majani hayapo ya kuleta sukari, lakini seli zinaendelea kupumua, na zinapumua kwa kuila sukari yenyewe. Wakati huohuo invetasi inapanda na kuanza kupasua sukrosi. Glukosi na fruktosi ni tamu mdomoni, kwa hiyo mkulima akitafuna anasema muwa wangu bado mtamu. Kiwandani sukari hizo hazigandi kuwa chembe. Zinazuia hata sukrosi iliyobaki isigande, na mwisho wake zote zinaishia kwenye molasi, yale masalia mazito yasiyoganda.

Adui wa pili anatoka nje. Kwenye udongo, kwenye panga, kwenye mikono na kwenye majani kuna bakteria waitwao Leuconostoc. Muwa mzima wenye ganda lake na nta yake hawauwezi. Wakipata mlango, yaani kidonda cha panga au ufa wa moto, wanaingia na kuigeuza sukrosi kuwa ute unaoitwa dekstrani. Ute huo ndio unaofanya maji ya muwa yavutike kama mlenda. Kiwandani unaziba machujio na kuchelewesha ugandaji, kwa hiyo muwa wa namna hiyo unaharibu hata kazi ya muwa mzuri wa jirani uliosagwa pamoja nao.

Na moto? Moto ndio unaofungua milango yote kwa pamoja. Unayeyusha nta, unapasua ganda, na seli za pembeni zinapasuka kwa joto. Tembea kwenye shamba lililochomwa jana yake, ushike muwa kwa kiganja. Utakuta mkono unanata. Kinachonata ni maji ya ile mifuko, tayari yako nje ya ganda, na vumbi lenye bakteria limeshayagusa.

Mwaka jana nilipasua miwa miwili mbele ya wakulima kwenye shamba moja, mmoja uliokatwa asubuhi ile, mwingine uliokaa siku nne kwenye rundo. Wa asubuhi ulikuwa mweupe wenye unjano kidogo, mwisho wake ukidondosha maji masafi. Wa siku nne ulikuwa na mwisho uliobonyea, wa rangi ya kahawia, na ukiusogeza puani unakutana na harufu ya siki. Nilipoupasua, wekundu ulikuwa umeingia ndani kutoka kwenye kidonda kwa kipimo cha vidole viwili. Nikakamua tone, nikalivuta kati ya kidole gumba na cha shahada, likatoka uzi. Mzee mmoja aliuchukua muwa ule mkononi mwangu, akaugeuza, akaurudisha bila kusema neno. Rundo lote lile lilikuwa lake.

Muwa uliokatwa ni kama maziwa yaliyokamuliwa. Hakuna mfugaji anayekamua ng'ombe wote alfajiri ndipo aanze kutafuta mnunuzi wa kesho kutwa.

Hesabu ya saa

Hapa naomba mtulie msome polepole.

Saa ya kwanza huanza kuhesabiwa moto ukiwashwa. Haianzi mkataji anapoinua panga, wala gari linapofika. Wengi wananiambia "muwa wangu umekaa siku moja tu" wakihesabu tangu kukatwa, kumbe ulichomwa siku mbili kabla. Siku hizo ni zako na umeshazilipia.

Kwa muwa uliochomwa na kukatwa mzima, lengo ni saa 24 kutoka moto hadi sampuli. Ukomo ni saa 48. Ukivuka hapo, kila nusu siku inakula utamu waziwazi, na kwenye joto la Novemba na Desemba inakula haraka zaidi kuliko kwenye baridi ya Julai. Muwa uliokatwa mbichi bila kuchomwa una nafasi kidogo, lakini nao usizidi siku 3. Muwa uliokatwa vipande vifupi kwa mashine una vidonda vingi mno. Huo uwe umeondoka shambani na kufika ndani ya saa 12.

Mpango wa siku unaofanya kazi ni huu. Moto uwashwe saa 12 jioni, upepo ukiwa umetulia. Wakataji waingie saa 12 alfajiri. Hapo tayari saa 12 kati ya 24 zimekwisha, ndiyo maana mkataji anayefika saa 3 asubuhi anakurudisha nyuma sana. Gari la kwanza lianze kupakia kabla ya saa 4 asubuhi, rundo la kwanza likiwa bado na umande. Gari la mwisho litoke shambani saa 8 mchana. Ukizingatia foleni, saa 12 jioni muwa uwe umefika. Ukiona mpango huu hauwezekani siku fulani, basi siku hiyo usichome.

Kabla ya kuchoma, siku hiyohiyo kabla ya saa 10 jioni, mpigie mratibu wa mavuno. Muulize kama kinu kinasaga au kimesimama. Muulize magari mangapi yamepangwa kwako kesho, kwa namba zake. Muulize pia foleni ya magari kwenye uwanja wa kiwanda ikoje. Jibu la "usijali, yatakuja" halitoshi. Kama hana namba ya gari, huna gari. Kinu kikisimama kwa matengenezo baada ya wewe kuchoma, hakuna atakayekurudishia utamu wako.

Sasa ukubwa wa moto. Tuseme una ekari 4, na kila ekari ina tani 20. Hizo ni tani 80. Umepangiwa magari mawili ya tani 10, kila moja lina uwezo wa safari mbili kwa siku. Hizo ni tani 40. Mkataji mzoefu wa miwa iliyochomwa hukata na kurundika tani 4 hadi 6 kwa siku. Ukichukua 4 ili uwe salama, unahitaji wakataji 10 kwa tani 40. Kwa hiyo jioni ile unachoma ekari 2. Ekari 2. Zile nyingine zinabaki zimesimama na majani yake mpaka kesho yake jioni. Ukichoma zote 4 kwa kuwa "moto ni mmoja", nusu ya shamba lako inaingia siku ya pili ikiwa imekula saa 36 kabla hata ya kupakiwa, na gari moja likiharibika inaingia siku ya tatu.

Najua kinachowasukuma. Kuchoma mara moja ni rahisi, kibali ni kimoja, na mkandarasi wa ukataji anapenda uwanja mpana ili watu wake wasihame hame. Mkandarasi analipwa kwa tani alizokata. Hakatwi hela muwa ukichacha. Usimwachie yeye aamue ukubwa wa moto.

Ili ugawe shamba, kata mistari minne mibichi katikati siku ya kuchoma, kisha fagia majani yote makavu kwenye ukanda huo. Kwa nafasi ya mita 1.2 hadi 1.5 kati ya mistari, unapata njia ya moto ya mita 5 hadi 6. Weka watu wenye matawi mabichi na maji pande zote mbili, anzia kuchoma upande ambao upepo unaelekea ili moto urudi nyuma polepole. Muwa huo mbichi wa ukanda ndio uwe wa kwanza kupakiwa kesho yake. Kwenye mashamba ya bloku, yaani ya wakulima kadhaa yaliyounganishwa pamoja, kubalianeni kwenye kikao, muandike, nani anachomewa lini na kiasi gani. Bloku inayochoma kila kitu siku moja ndiyo ninayoikuta na marundo ya siku tano.

Uzito nao unaondoka

Wapo wanaoniambia hawajali utamu, wanajali tani. Haya, tuongee tani. Mifuko ile ya maji ikikosa mizizi inaanza kukauka. Muwa uliolala chini hupoteza asilimia 1 hadi 2 za uzito kwa siku, na juani penye upepo hupoteza zaidi. Gari la tani 10 likikaa siku tatu kwa asilimia 2, limepungua karibu kilo 600. Nusu tani na ushee imekuwa mvuke, na wewe umeshamlipa mkataji aliyeikata.

Kuna mtego hapa unaowachanganya hata wenye refraktomita zao, vile vifaa vya kupimia utamu wa maji ya muwa. Muwa ukikauka, kipimo cha briksi kinapanda. Mkulima anapima muwa wa siku tatu, anasoma 22, anafurahi. Briksi inahesabu kila kilichoyeyuka kwenye maji, sukrosi, glukosi, fruktosi, chumvi, vyote kwa pamoja. Maji yamepungua, kwa hiyo namba imepanda, huku sukrosi ikishuka ndani yake. Pima muwa uliosimama tu. Chukua mashina 10 kutoka ndani ya shamba, usichukue ya pembeni wala ya karibu na mfereji. Kwa kila shina pima pingili moja ya chini na moja ya juu iliyokwisha kukaza. Chini iwe 18 au zaidi. Kisha gawanya ya juu kwa ya chini: ikikaribia 1 muwa umeiva, ikiwa 0.8 subiri, ikipita 1 umechelewa, maana chini utamu umeanza kurudi nyuma.

Anayemwagilia asimamishe maji kabla ya mavuno, wiki 3 hadi 4 kwenye udongo wa kichanga, wiki 6 hadi 8 kwenye mfinyanzi.

Panga chini, kilele nje

Hili ni la pili kwa gharama, nitalisema kwa ufupi lakini kwa ukali. Nimesema muwa huiva kutoka chini. Pingili za chini kabisa ndizo zenye mifuko iliyojaa sukrosi nyingi kuliko zote. Halafu mkataji, kwa kuwa hataki kuinama, anaacha kisiki cha sentimita 10. Kwa muwa wa mita 2, hiyo ni asilimia 5 ya urefu, na ni asilimia 5 iliyo nene na tamu kuliko nyingine yoyote. Umeiacha ioze, na kisiki kirefu kinakuletea machipukizi dhaifu yanayotokea juu ya udongo badala ya chini yake. Kata usawa wa ardhi, kisiki kisizidi sentimita 2. Simama na rula siku ya kwanza ya mavuno. Mkataji akijua unapima, anainama.

Juu fanya kinyume chake. Shika kilele, ukipinde. Panapovunjika kirahisi kwa mkono ndipo pa kukata. Juu ya hapo kuna invetasi na glukosi, hakuna cha kuuza. Kilele kinaongeza kilo chache kwenye gari na kushusha kiwango cha utamu cha gari zima. Anayekiacha ili "apate uzito" anajiibia.

Hii ni sawa kwa mbegu ya NCo 376, kwa N41, kwa R 570 na kwa aina yoyote mliyopewa. Hakuna mbegu kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha wala kwingineko inayoweza kulala shambani siku nne ikabaki na utamu wake.

Ukiwa umekwama

Gari limeharibika, mvua imenyesha usiku, barabara ya bondeni haipitiki. Yanatokea, hasa vuli ikianza. Kwanza, kama muwa umechomwa lakini haujakatwa, simamisha ukataji. Uliochomwa ukiwa umesimama huharibika polepole kuliko uliochomwa na kukatwa, maana una milango michache na shina bado liko kwenye mizizi. Watu hufanya kinyume: gari likichelewa wanasema "angalau tumalizie kukata". Acheni.

Pili, uliokwisha kukatwa uurundike kwa marundo makubwa yaliyobanana, juu ya vilele vilivyotandazwa ili usiguse tope, na juu ufunike kwa vilele na majani mabichi kwa unene wa kiganja kilichosimama wima. Kivuli hicho kinapunguza kukauka na kupunguza joto. Usiukate vipande ili uingie kwenye trekta ndogo. Kila pigo la panga ni mlango mwingine.

Tatu, gari likifika, muwa wa zamani upakiwe kwanza. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu halina gharama hata kidogo. Wapakiaji huanza na rundo lililo karibu na barabara, ambalo kwa kawaida ndilo lililokatwa mwisho, na rundo la siku ya kwanza lililo ndani ya shamba linabaki. Kesho yake hivyo hivyo. Choma kijiti kwenye kila rundo, uning'inize kipande cha karatasi chenye tarehe na saa ya moto, na umwambie kiongozi wa wapakiaji afuate saa hizo. Wala usichanganye rundo la siku nne na la leo kwenye gari moja. Sampuli ikichukuliwa kwenye upande uliochacha, gari zima linahesabiwa limechacha. Na pale ambapo malipo yanapigiwa wastani wa kikundi, umewashusha na wenzako.

Mashamba ya mabondeni yavunwe mwanzo wa msimu, barabara zikiwa kavu. Ya miinuko yasubiri. AMCOS ambazo ratiba yake inafuata urafiki badala ya udongo ndizo zinazokwama Desemba na miwa iliyochomwa ikiogelea.

Wenye mashamba madogo, wa ekari moja au nusu, fikirieni kukata bila kuchoma. Mkataji atadai zaidi kwa kuwa kazi ni ngumu na majani yanawasha, na kwa siku atakata tani chache zaidi. Weka gharama hiyo upande mmoja, na siku mbili za utamu upande wa pili, upige hesabu yako mwenyewe. Majani yatabaki shambani, yatashika unyevu na kuzuia magugu kwenye machipukizi.

Mnaopika sukari guru, msidhani haya ni ya wenye viwanda peke yao. Sukari guru inayobaki laini, inayonata kwenye karatasi na kutoka jasho kwenye gunia, mara nyingi imepikwa kwa muwa uliolala. Glukosi na fruktosi hazikubali kuganda hata uchochee kuni za kijiji kizima. Kamueni siku ileile ya kukata.

Ukiyafanya haya, utaona tofauti kwenye karatasi ya utamu msimu huohuo.

Limebaki suala la moto usio wako. Jirani anachoma kusafisha shamba la mpunga, cheche zinaruka, ekari zako 3 zinawaka saa 7 mchana bila gari, bila wakataji, bila kibali. Wengi hukaa siku ya kwanza wakilalamika kwa mwenyekiti wa kijiji na kutafuta nani alipe. Malalamiko yapelekeni, ni haki yenu, lakini yapelekwe na mtu mwingine wa familia. Wewe ndani ya saa ileile mpigie mratibu wa mavuno, mtajie saa moto ulipoanza na ekari zilizoungua, uombe kuingizwa mbele ya ratiba. AMCOS ziweke kabisa kwenye taratibu zao kwamba shamba lililoungua kwa ajali linatangulia lile ambalo bado limesimama na majani yake. Mwenye zamu ambaye muwa wake umesimama bado ana utamu wake kesho, ambaye wake umeungua hana. Usikate hata shina moja mpaka upewe namba ya gari. Ukipewa safari moja tu ya gari kwa siku, kata tani 10 tu kwa siku, ukianzia upande ulioungua vibaya zaidi, ambako ganda limepasuka na muwa unanata, na uache kwa mwisho ule ambao moto ulipita juu juu.